Simu Inavyokisia Kidole: Mguso, Kioo na Lugha katika Mwambao wa Rumonge

Skrini ya mguso, yaani kioo cha simu kinachopokea amri kwa kuguswa na kidole, haipokei herufi wala tarakimu. Hupokea doa pana la kidole, kisha programu iliyomo ndani ya simu hukisia ni kitufe gani kilichokusudiwa miongoni mwa viwili, vitatu au vinne vilivyoguswa na doa hilo. Ukisiaji huo hufanyika kwa kila herufi, upesi kuliko jicho linavyoweza kutambua, na hufaulu mara nyingi kiasi kwamba mwandishi huamini kuwa kidole chake ndicho kilicholenga sawasawa. Unaposhindwa, hata hivyo, haushindwi kwa watu wote kwa kiwango kimoja, na anayetaka kuelewa sababu ya tofauti hiyo hana budi kuuchunguza mguso katika pande zake mbili, upande wa mkono na upande wa lugha. Mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika ni mahali panapoufaa sana uchunguzi huo, kwa kuwa huko mikono hushika maji na mafuta kutwa nzima, na lugha tatu hukutana katika ujumbe mmoja.

Mji wa Rumonge uko yapata kilomita 70 kusini ya Bujumbura, kando ya barabara inayofuata ziwa kuelekea Nyanza-Lac. Ulikuwa makao ya mkoa wenye jina lake tangu mwaka 2015, na kwa mgawanyo mpya wa mikoa ulioanza kutekelezwa mwaka 2025 umeingizwa katika mkoa wa Burunga. Wakazi wake huishi kwa uvuvi wa ndagala, mukeke na sangala, kwa biashara ya mafuta ya mawese yanayokamuliwa kutoka michikichi ya uwanda wa Imbo, na kwa uchukuzi wa majini na wa barabarani. Kama ulivyo mtaa wa Buyenzi kule Bujumbura, Rumonge umejulikana kwa miaka mingi kuwa mji ambamo Kiswahili husemwa nyumbani na sokoni, sambamba na Kirundi ambacho ni lugha ya taifa zima na Kifaransa cha shule na ofisi. Simu ya kupapasa imeingia katika maisha hayo pamoja na huduma za kutuma fedha kama Lumicash na EcoCash, kwa hiyo makosa ya kidole si jambo la tahajia peke yake, bali hugusa bei ya samaki, saa ya kuondoka kwa gari na fedha za watu.

Kioo cha simu nyingi za leo ni cha kikapasita, maana yake kinategemea tabia ya vitu viwili vinavyopitisha umeme kuhifadhi chaji kati yao vinapotenganishwa na kitu kisichoupitisha. Chini ya kioo hutandazwa mistari angavu ya kondakta, aghalabu oksidi ya indiamu na bati, mingine kwa urefu na mingine kwa upana, na kila panapokutana mistari miwili hubaki chaji ndogo inayoweza kupimwa. Mwili wa binadamu, kwa kuwa umejaa maji na chumvi, nao hupitisha umeme; kidole kinapokaribia kioo huvuta sehemu ya chaji hiyo, na saketi ya simu hupima upungufu huo makumi ya mara katika kila sekunde. Makutano hayo hutengana kwa milimita nne au tano hivi, umbali mkubwa mno ukilinganishwa na udogo wa nukta za picha, ndiyo maana mahali pa mguso hapasomwi moja kwa moja bali hukokotolewa: programu huchukua makutano yote yaliyopungukiwa chaji, huyapa uzito kila moja kwa kadiri ya upungufu wake, kisha hutafuta kitovu chake. Simu yenye upana wa milimita 65 inayopanga vitufe kumi katika mstari mmoja huiachia kila herufi milimita sita na nusu, ilhali ncha ya kidole cha mtu mzima hulala juu ya kioo kwa upana wa karibu sentimita nzima. Kabla mtumiaji hajakosea lolote, kidole chake kimekwisha kuwa kipana kuliko shabaha yake.

Kioo cha aina hii ni cha zamani kuliko simu ya mguso yenyewe. Mwingereza E. A. Johnson, aliyefanya kazi katika taasisi ya utafiti wa rada ya Malvern, alieleza kioo cha mguso cha kikapasita mwaka 1965 kwa ajili ya waongozaji wa ndege. Na katika miaka ya 1970 Bent Stumpe na Frank Beck wa kituo cha CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, walitengeneza vingine vya kuendeshea mtambo mkubwa wa kuharakishia chembe za atomu. Vioo hivyo vilikuwa na vitufe vichache na vikubwa, kwa hiyo ukubwa wa kidole haukudhuru. Simu ya iPhone ilipotolewa mwaka 2007 na kibodi nzima ikasongwa ndani ya kioo cha mfukoni, ukisiaji uligeuka kuwa msingi wa uandishi wenyewe.

Kwa watu wa mwambao, adui wa kwanza wa kioo ni maji. Tone la maji juu ya kioo nalo hubadilisha chaji, na simu ingeweza kuliona kuwa kidole. Watengenezaji huizuia hali hiyo kwa kupima kwa njia mbili, yaani katika kila makutano na tena katika kila mstari peke yake, kwa sababu tone lisilogusana na mwili huonekana wazi katika kipimo cha kwanza na hufifia katika cha pili. Lakini kiganja kinachochuruzika kimetoka kupakua ndagala hakitoi tone lililotengana: maji huungana na kidole, doa hupanuka likafunika nusu ya kibodi, na kitovu chake huangukia mahali ambapo hakuna mtu aliyepakusudia. Vioo vya zamani vya tabaka mbili, vilivyokuwa vikifanya kazi kwa kubonyea hadi tabaka la juu liguse la chini, havikusumbuliwa hivyo na maji, ingawa vilikuwa vizito kuguswa na hafifu katika kutambua vidole viwili kwa pamoja.

Mafuta ya mawese hudhuru kwa njia nyingine. Hayapitishi umeme, kwa hiyo hayazui mguso wa uongo, bali hukifanya kidole kiteleze, na kuteleza huleta swali jingine ambalo simu haina budi kulijibu kila mara, yaani kama mtumiaji amegusa au ameburuta. Katika simu za Android, kidole kilichosogea kwa chini ya takriban milimita moja na robo huhesabiwa kuwa kimegusa, na kikivuka umbali huo huhesabiwa kuwa kinavuta ukurasa. Kikituama kwa karibu nusu sekunde, huchukuliwa kuwa kinabonyeza kwa kushikilia, na menyu isiyotakiwa hufunguka. Mipaka hiyo imewekwa kwa ajili ya kidole kikavu cha mtu aliyetulia. Mzee anayetetemeka, abiria wa pikipiki au mvuvi aliye ndani ya mtumbwi unaoyumba huivuka bila kutaka, kisha hulaumiwa kuwa hajui kutumia simu, jambo ambalo si haki hata kidogo, kwa sababu mipaka yenyewe inaweza kubadilishwa: katika mipangilio ya ufikivu, sehemu iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye mahitaji maalumu, muda wa kushikilia unaweza kurefushwa, na simu kadhaa zina uwezo wa kupuuza mguso unaojirudia upesi.

Hata kidole kikavu kilichotulia hukosea, na hukosea kwa utaratibu unaotabirika. Katika tafiti zao za mwaka 2010 na 2011 Christian Holz na Patrick Baudisch wa taasisi ya Hasso Plattner, Potsdam, Ujerumani, walionyesha kuwa mtu hulenga kwa kutazama sehemu ya juu ya kidole chake, kwa mfano ukucha, ilhali kioo huona nyama iliyo chini. Pengo kati ya pande hizo mbili hubadilika kwa kadiri kidole kinavyoinama au kupinda, na hutofautiana baina ya mtu na mtu, lakini kwa mtu mmoja katika hali moja hubaki lilelile. Mwaka huohuo wa 2011 Niels Henze na wenzake walisambaza mchezo wa simu wa kugusa maduara, wakakusanya miguso zaidi ya milioni 120, na wakathibitisha kuwa miguso ya watu wengi huegemea upande mmoja wa kioo, kwa hiyo inaweza kurekebishwa kwa kuisogeza yote kidogo kuelekea upande wa pili. Kabla ya hapo, mwaka 1988, watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland walikuwa wamelinganisha njia tatu za kuusoma mguso na kukuta kuwa makosa hupungua mashine ikingoja kidole kiinuliwe badala ya kuamua mara kinapotua. Ndiyo sababu mpaka leo mtu aliyegusa kitufe asichokitaka anaweza, katika programu nyingi, kutelezesha kidole hadi mahali pengine kabla ya kukiinua.

Marekebisho hayo ya mkono yana sifa moja njema: humhudumia mwenye kidole bila kujali anaandika lugha gani. Upande wa pili wa ukisiaji hauna sifa hiyo.

Mwaka 2002 Joshua Goodman na wenzake katika kitengo cha utafiti cha Microsoft walieleza namna ya kuunganisha mahali pa mguso na modeli ya lugha, yaani hesabu ya uwezekano wa kila herufi kufuata zile zilizotangulia. Msingi wake ni kanuni yenye jina la Thomas Bayes, mchungaji wa Kiingereza ambaye andiko lake lilichapishwa mwaka 1763 baada ya kifo chake: kwa kila herufi inayowezekana, simu huzidisha uwezekano kwamba mtu aliyeitaka herufi hiyo angegusa hapo, kwa uwezekano kwamba herufi hiyo ndiyo inayofuata katika lugha anayoandika, kisha huchagua jibu kubwa zaidi. Matokeo yake ni kwamba mipaka ya vitufe husogea bila kuonekana. Kitufe kilichochorwa kwa milimita sita huweza kutawala milimita tisa kikiwa na uwezekano mkubwa, na jirani yake hunyang'anywa eneo. Mwaka 2010 Asela Gunawardana na wenzake walipendekeza kwamba kiini cha kila kitufe kisiguswe kamwe na upanuzi huo, ili anayegusa katikati kabisa apate herufi aliyoigusa hata kama modeli inaiona kuwa ya ajabu.

Kiswahili huonyesha vizuri uzito wa hesabu hiyo. Herufi u, i na o zimepangwa bega kwa bega katika kibodi ya Kiingereza na katika ile ya Kifaransa pia, kwa hiyo anayeandika "mt" na kugusa karibu na i anaweza kuwa amekusudia mtu, mti au mto, maneno matatu ya kila siku ambayo kidole peke yake hakiwezi kuyatenganisha. Modeli iliyosoma Kiswahili cha kutosha itatazama jirani: neno likifuatwa na "yule" litakuwa mtu, na likifuatwa na jina la Murembwe, mto unaomwaga maji yake ziwani karibu na Rumonge, litakuwa mto. Vilevile Kiswahili sanifu hakitumii q wala x, na Kirundi pia hakizihitaji. Kwa mwandishi wa lugha hizi mbili, eneo la herufi hizo lingeweza kugawiwa majirani zake karibu lote bila hasara yoyote. Kibodi iliyowekwa katika Kifaransa hufanya kinyume chake, kwa kuwa katika Kifaransa q ni herufi ya kila sentensi. Tena katika mpangilio wa Kifaransa herufi a, inayotumika kuliko zote katika Kiswahili, imesukumwa pembeni juu kushoto, q ikiwa chini yake na z ubavuni, na mguso unaotua kati ya a na q hutolewa hukumu na modeli isiyojua kuwa mwandishi hana haja ya q.

Hapo ndipo mtu wa mwambao anapopata hasara isiyo ya mkono wake. Simu nyingi zinazofika Burundi hufunguliwa kwa mara ya kwanza katika Kifaransa au Kiingereza, na mwenye simu huendelea hivyo kwa sababu menyu anaielewa, pasipo kutambua kuwa amechagua pia lugha ya kupimia vidole vyake. Kwa modeli ya Kifaransa, neno linaloanza kwa "mw" au "nd" ni dalili ya kosa, na programu hulivuta neno hilo kuelekea neno la Kifaransa lililo karibu. Kuongeza Kiswahili hupunguza tatizo bila kulimaliza, kwa maana ujumbe wa Rumonge huweza kuanza kwa salamu ya Kifaransa, ukaeleza bei kwa Kiswahili na kumalizika kwa "urakoze cane", ambapo herufi c imesimama peke yake kama Kirundi kinavyotaka na Kiswahili kinavyokataa.

Ugumu mwingine umo ndani ya kitenzi. Shina moja la "tum" huzaa nitakutumia, hatujawatumia, aliyemtumisha na maelfu ya maumbo mengine, kwa kuwa nafsi, wakati, mtendwa na unyambulishaji vyote huandikwa ndani ya neno moja. Kirundi nacho kimejengwa hivyohivyo. Orodha ya maneno, ambayo hutosha kiasi kwa Kiingereza, haiwezi kuyabeba yote, na umbo sahihi lisilokuwemo katika orodha hugeuzwa kosa. Njia ya kulitatua ilikwisha kuonyeshwa na Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliyeanza mwaka 1985 kujenga mfumo wa kompyuta unaolichambua neno la Kiswahili katika viungo vyake badala ya kulitafuta zima zima. Maarifa yapo, basi. Kinachokosekana ni maandishi mengi na nia ya kuyafanyia kazi.

Na maandishi yaliyopo yana upande. Kiswahili kinachofundishia kompyuta hutoka zaidi Tanzania na Kenya, kwenye magazeti na vitabu vinavyoandika dagaa na migebuka. Ndagala na mukeke, majina ya samaki walewale kwa midomo ya Rumonge, huonekana kwa nadra. Kibodi ya Google, ambayo kufikia mwaka 2019 ilikuwa na aina za lugha zaidi ya 900, ilibuniwa pia njia ya kujifunza kutoka kwa watumiaji wenyewe: tangu mwaka 2017 kampuni hiyo imeeleza utaratibu ambao simu hujifunza ndani kwa ndani na kutuma muhtasari wa mabadiliko bila kutuma maneno yaliyoandikwa. Masharti yake, hata hivyo, ni kwamba simu iwe imetulia, imechomekwa katika umeme, na imeunganishwa na intaneti isiyo ya kulipia kwa kipimo. Katika mwambao ambako nyumba nyingi hazina umeme, simu huchajiwa kwa kulipia dukani na megabaiti hununuliwa chache chache, masharti hayo matatu hukutana kwa shida. Wale ambao lugha yao inahitaji kujifunzwa zaidi ndio wenye nafasi ndogo zaidi ya kuifundisha mashine, na pasipo juhudi ya makusudi ya vyuo, wachapishaji na kampuni zenyewe, pengo hilo halitajiziba.

Liko eneo moja ambamo ukisiaji hauna msaada wowote, nalo ni la tarakimu. Namba za simu za Burundi zina tarakimu nane, na ukiacha zile za mwanzo, tarakimu yoyote ina haki sawa ya kufuata, kwa hiyo modeli ya lugha haina la kusema. Ni kweli kwamba vitufe vya tarakimu ni vipana, kwani mstari mmoja huwa na vitatu badala ya kumi, lakini kosa moja hapo ni zito kuliko makosa ishirini ya herufi: msomaji wa "mtu" iliyoandikwa "mti" hujirekebishia mwenyewe, ilhali namba iliyokosewa ni namba ya mtu mwingine. Kadi za benki zina kinga ya jambo hili. Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM alibuni katika miaka ya 1950 tarakimu ya ukaguzi, inayokokotolewa kutokana na zile zilizotangulia, hata ikikosewa tarakimu moja hesabu nzima hukataa. Namba ya simu haina kinga hiyo, kwa sababu ilipobuniwa hakuna aliyedhani kuwa ingekuwa akaunti ya fedha. Kiasi nacho kina hatari yake: kidole chenye maji huweza kusomwa mara mbili kwa mguso mmoja, na sifuri moja ya ziada hugeuza faranga 10 000 kuwa 100 000.

Dawa iliyokwisha kuthibitika ni kuirudishia akili ya binadamu uamuzi wa mwisho. M-Pesa ya Kenya, iliyoanza mwaka 2007, iliongeza baadaye hatua iitwayo Hakikisha, ambayo humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla fedha hazijaondoka, na huduma yoyote ya fedha katika kanda hii isiyofanya hivyo inapaswa kudaiwa ifanye. Kwa upande wake, mwenye simu wa Rumonge, Minago au Nyanza-Lac aingie katika mipangilio ya kibodi aongeze Kiswahili, na Kirundi pia kama kibodi yake inacho, azime urekebishaji wa moja kwa moja ikiwa unamharibia maneno, ahifadhi namba za wateja wake kwa majina badala ya kuziandika upya kila mara, na anapotuma fedha akaushe kidole kwanza, kisha asome jina na sifuri zote kabla ya kuweka namba yake ya siri.